Ile nyumba ndogo pale getini

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Asanteni kwa kutoka majumbani na hii baridi. Nimepewa nusu saa niongelee kitu tutakachoenda kukiona Jumapili kule Kew, ile bustani kubwa hapa London, na dada mmoja kaniuliza hapo mlangoni, kaka, tunaenda Kew kuona maua au kuona nyumba, nikamwambia dada maua yapo na yatatosha, ila mimi safari hii nimeiomba kwa sababu ya nyumba moja ndogo ya matofali mekundu ambayo watu wanaipita kila siku bila kugeuza shingo. Hiyo ndo nataka tuiongelee leo, hiyo na ndugu zake walioko nchi nzima.

Wengi mnanijua, mimi ni fundi ujenzi, kazi nilijifunzia Tanga kwa marehemu mjomba wangu, na hapa Uingereza miaka mingi sasa nakarabati majengo ya zamani, matofali na chokaa. Kwenye kazi hiyo nimefanyia nyumba nyingi za getini, na nawaambia kabisa nazipenda kuliko majumba yenyewe. Jumba la tajiri lina vitabu vyake na picha zake na watu wa kulisemea, nyumba ya getini haina wa kuisemea.

Wenyewe Waingereza wanaiita lodge, na sisi tukisikia loji akili inakimbilia Serengeti, mtalii na neti ya mbu. Hii siyo hiyo. Zama za Malkia Victoria, kuanzia 1837 mpaka 1901, tajiri mwenye ardhi alikuwa na jumba lake katikati ya shamba na msitu na mabwawa, alafu ukuta au uzio kuzunguka, alafu geti kwenye barabara kuu, na kutoka geti mpaka jumba inaweza ikawa maili nzima au zaidi. Sasa gari la farasi likifika pale getini usiku wa saa nne na mvua, nani anafungua? Ndo ikajengwa nyumba palepale, akawekwa mtu na familia yake, wanakaa hapo, wanakula hapo, wanalala sikio moja likiwa kwenye kengele.

Mpaka hapo ni kibanda cha mlinzi tu, kila mtu anakijua. Lakini wale watu waliona jambo moja, kwamba mgeni anayekuja hajaliona jumba bado, anachokiona kwanza ni hii nyumba. Na mpita njia, mkulima, muuza maziwa, yeye jumba hataliona maisha yake yote, manake njia ya ndani ilikuwa inapindishwa makusudi, inazunguka miti, ili jumba lije litokeze ghafla mbele ya mgeni baada ya kumchosha kidogo. Kwa hiyo kwa watu wengi sana nyumba ya getini ndo ilikuwa sura ya tajiri. Basi akaivalisha.

Na ukishajua hivyo unaanza kuzisoma. Nyumba yenyewe ni ndogo, vyumba viwili chini, juu viwili vya kubana kwenye paa, nyingine hata ghorofa haina, lakini inatakiwa ionekane kutoka barabarani na ionekane ya maana, kwa hiyo kila kitu juu yake kimekuzwa. Paa linachongoka sana. Gebo, zile kuta za pembetatu chini ya paa, zinakuwa tatu hata nne kwenye kijumba ambacho moja ingetosha. Fisha bodi, zile mbao za ukingoni mwa paa, zinachongwa kama lesi ya kanga ya harusi, mawimbi na majani na matundu. Vigae vinakatwa duara vinapangwa kama magamba ya samaki. Dirisha moja linatolewa nje ya ukuta, lina kioo pande tatu, na hilo sio urembo tu, aliyeko ndani anaona barabara kushoto na kulia bila kutoka. Zipo zilizojengwa pembe nane kwa sababu hiyohiyo. Alafu juu ya mlango, jiwe lenye mwaka na herufi za jina la mwenye shamba. Jina la anayekaa ndani halipo, hata siku moja sijaliona.

Dohani ndo zinanipendeza kuliko vyote. Ukiwa chini unaona dohani imepanda juu kuliko hata nyumba yenyewe, matofali yamezungushwa, yamewekwa kona mbele, shina mbili tatu zimeshikana kama ndugu. Kuna sababu ya kazi, dohani ndefu inavuta moshi vizuri, lakini sehemu kubwa ni kuonekana, moshi ukitoka ule msafiri anajua kuna watu, kuna moto, kuna bwana mwenye uwezo. Fundi aliyejenga vile alikaa juu ya jukwaa la miti amefungwa kwa kamba, akapanga tofali la pembe moja moja bila mashine, na ukipanda leo na jukwaa la chuma ukapitisha mkono unakuta maungio ya milimita chache yamenyooka. Mimi kila nikipanda nawaza mkono wa yule mtu.

Lakini ingia ndani sasa.

Ndani kuna giza. Vile vidirisha vyenye vioo vidogo vya umbo la almasi vilivyoshikwa na vipande vya madini ya risasi, kwa nje vizuri, kwa ndani vinakula mwanga. Chumba cha pembe nane, kitanda unakiweka wapi? Kabati halikai ukutani, kila ukilisogeza linaacha pengo la pembetatu nyuma. Juu huko kwenye paa lililochongoka unasimama wima katikati tu, ukitaka kufika ukutani unainama. Na mgongo wa nyumba, upande usioonekana barabarani, mara nyingi unakuta tofali ni la bei rahisi, hamna kuchonga, hamna urembo, jiko limebandikwa kama kijumba cha kuku, kisima au bomba liko nje. Kamba ya kuanikia nguo ikifichwa huko nyuma, manake nguo za mtoto zisionekane na wageni.

Na zipo zile za pacha, ambazo nyingi ni za zamani zaidi kabla ya Victoria, lakini zama zake watu walikuwa bado wanaishi humo. Mchoraji wa ramani alitaka geti liwe na nyumba mbili zinazofanana, moja kushoto moja kulia, ilingane. Sasa familia ni moja. Kwa hiyo upande huu jiko na sebule, upande ule wa barabara chumba cha kulala. Yani mama anamaliza kupika, anambeba mtoto aliyesinzia, anavuka njia ya magari ya farasi usiku, kwenye theluji, kwenda kulala. Kila siku ya Mungu. Ili ramani ya mtu ilingane. Nikifikiria hilo kama fundi naona aibu kwa niaba ya kazi yetu, manake ile michoro ni mizuri mno, na aliyeichora alijua anachofanya.

Na huyo mama mimi namtaja kwa sababu. Kufungua geti kwa kawaida ilikuwa kazi ya mwanamke. Mume anakwenda shambani, ni mtunza bustani au mlinda wanyama wa porini wa bwana, mke na watoto ndo wanakimbilia kengele. Kwenye zile sensa zao za kila miaka 10 wameandikwa, wanawake wengi, wajane wengi, kazi yake mtunza geti. Malipo mara nyingi yalikuwa ile nyumba yenyewe kukaa bure. Maana yake siku ukizeeka, mume akifa, bwana akikasirika, kazi ikiisha na paa linaondoka.

Kuna nyumba moja nilifanyia miaka ya nyuma, siitaji ilipo manake watu wanaishi humo, ilikuwa na ngazi moja ya jiwe mlangoni. Lile jiwe lilikuwa limelika, lakini halijalika katikati kama ngazi za kawaida, limelika upande mmoja tu, upande wa geti. Kizazi kwa kizazi mguu umetoka mbio umekata kona kwenda kwenye geti mpaka jiwe likakubali. Mwenye nyumba wa sasa alitaka tulibadilishe tuweke jipya lililo sawa. Niliongea naye nusu siku nzima. Likabaki.

Najua kuna atakayesema zama zile maskini wote walikaa vibaya, huyu wa getini ana afadhali. Ni kweli, wa mjini walikaa vibaya zaidi. Ila msiniambie walikuwa hawajui kumjengea mfanyakazi. Mwaka 1851, kwenye yale maonyesho makubwa ya Hyde Park, Prince Albert mume wa malkia alijengesha nyumba ya mfano kwa ajili ya familia nne za wafanyakazi, ramani ya Henry Roberts, kila familia na vyumba vyake vya kulala, wazazi mbali na watoto, choo chake, matofali yenye uwazi katikati ili ukuta usishike unyevu na kelele zipungue. Ile ilianzia ndani ikatoka nje. Baada ya maonyesho ikabomolewa ikajengwa tena Kennington Park, kusini mwa London, na ipo mpaka leo, nendeni muione hata kesho. Iangalieni alafu mkumbuke nyumba ya getini, mtaona kabisa nani alianza na mtu na nani alianza na barabara.

Kwa nini zikawa nyingi hivyo zama zile, kwa kifupi tu. Kodi ya vioo iliondolewa 1845, kodi ya matofali 1850, kodi ya madirisha 1851, hapo hapo reli zinasambaa, sleti, yale mawe bapa ya kuezekea, kutoka Wales inafika kokote, tofali jekundu linafika mahali ambapo tangu dunia iumbwe walijengea jiwe au udongo. Na vitabu vya michoro vilikuwa vinauzwa, bwana anafungua, anachagua, nataka ya Kiswisi, nataka ya Tudor, nataka ya Gothiki kama kanisa. Na hela mpya zilikuwepo, za makaa, za shaba, za pamba, za benki, na mwenye hela mpya ndo ana haraka ya kuonekana ana ukoo.

Sasa niwape mtu. John Douglas, mchoraji wa majengo wa mkoa wa Cheshire, amezaliwa 1830 amefariki 1911. Mteja wake mkubwa alikuwa ukoo wa Grosvenor, hao ndo wenye ardhi ya Mayfair na Belgravia hapa London, kwa hiyo mkisikia tajiri ndo hao. Chester mjini, kwenye Grosvenor Park iliyofunguliwa 1867, Douglas alijenga nyumba ya getini ambayo juu ni mbao nyeusi na plasta nyeupe kati yake, staili ya kale ya mkoa ule aliyoifufua, na kwenye mbao akawekesha sanamu za kuchonga, yupo mfalme William aliyeiteka Uingereza 1066 na wale mabwana wa Chester wa zama zile. Nyumba ya mtunza bustani imebebeshwa historia ya nchi. Alafu kwenye njia ya kwenda Eaton, shamba lenyewe la ukoo, akajenga Eccleston Hill Lodge miaka ya mwanzo ya 1880, hiyo sio kijumba tena, ni kama ngome, ghorofa tatu, njia inapita katikati chini yake, paa limesimama wima kama kofia, minara pembeni.

Na mwisho wa hiyo njia kulikuwa na Eaton Hall. Aliijenga Alfred Waterhouse, yule aliyejenga Natural History Museum tunayopelekaga watoto, akaifanyia kazi kuanzia 1870 mpaka 1882. Jumba la Gothiki la ajabu. Limebomolewa kuanzia 1961. Limebaki kanisa lake na mnara wa saa na mabanda ya farasi, jumba lenyewe halipo. Nyumba za getini zipo! Na sio Eaton tu. Kodi ya urithi iliingia 1894, vikaja vita viwili, watoto wa kiume wakafia Ufaransa, watumishi wakaondoka kwenda viwandani, jeshi likakaa kwenye majumba likayaacha hoi, karne iliyopita yakabomolewa kwa mamia. Jumba la vyumba 100 nani atalipasha joto? Lakini nyumba ya vyumba vinne mtu anaishi. Kwa hiyo leo unaendesha gari kijijini unakuta nguzo mbili za geti, nyumba ndogo yenye dohani ndefu na mwaka juu ya mlango, ukiangalia ndani ya geti ni uwanja wa gofu au ng'ombe au nyumba mpya za kupanga. Kila nikikuta moja ya hivyo nasimamisha gari. Familia yangu imeshazoea.

Haya, Kew. Kew sio shamba la tajiri wa kawaida, ilikuwa mali ya ufalme, ikakabidhiwa serikali 1840. Tutaanzia Temperate House, ile nyumba ya vioo ya Decimus Burton iliyofunguliwa 1863, na karibu yake, upande wa ukuta wa Kew Road, ndo ipo hiyo nyumba ninayoisema. Ilijengwa 1866 mpaka 1867 na kijana anaitwa William Eden Nesfield, alikuwa na miaka 31. Baba yake, mzee Nesfield, ndo aliyepanga zile njia ndefu za Kew zenye miti pande mbili. Baba kapanga njia, mtoto kajenga nyumba ya getini, mimi napenda sana hilo.

Wakati huo kila mtu anajenga Gothiki, mawe, ncha kali, rangi rangi. Nesfield akaleta tofali jekundu tupu, nyumba ya mraba, paa la pande nne limepanda kama piramidi, katikati juu kabisa dohani moja kubwa nene yenye mistari ya kuchongwa kwenye tofali, na madirisha kwenye paa yenye vichwa vya mviringo. Hamna ncha hata moja. Alirudi nyuma karibu miaka 200 kuchukua staili ya matofali ya Kiingereza, na hapohapo Kew ukitembea upande wa mto utaona Kew Palace ya 1631, matofali mekundu hayohayo. Wenyewe baadaye wakaiita staili ya Queen Anne, na hii nyumba ni katika mifano ya mwanzo kabisa. Alikuwa anashirikiana ofisi na mchoraji mwenzake wa majengo, Norman Shaw, na kuanzia 1875 pale Bedford Park magharibi mwa London mtaa mzima ukajengwa kwa mwelekeo huo, Shaw akiwa mmoja wa wachoraji wake, tofali jekundu na fremu nyeupe, alafu ikaenea mashuleni, mitaani, mnaopanga kwenye nyumba nyekundu zenye dirisha jeupe mnajijua. Nani angemkubalia kijana wa miaka 31 ajaribu kitu kipya kwenye jumba la bwana? Kwenye nyumba ya getini alikubaliwa. Hela kidogo, hatari kidogo. Mwaka 1868 akajenga nyingine, Golden Lodge, kule Kinmel, kaskazini mwa Wales, kwa tajiri ambaye ukoo wake ulipata hela kwenye shaba ya kisiwa cha Anglesey, na baada ya hapo ndo akapewa jumba lenyewe la Kinmel. Ile ndogo ndo ilimfungulia.

Nimebakiza chokaa, na hapa mnisamehe ntakaza sauti kidogo.

Kuta hizi zimejengwa kwa chokaa, sio simenti. Wa Pwani mnaielewa, ni ndugu wa chokaa yetu ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa, ile iliyojenga Lamu na Mji Mkongwe. Chokaa ni laini kuliko tofali na inapumua. Mvua ikiloanisha ukuta, maji yanatokea kwenye maungio, na kama kuna kitu cha kuchakaa linachakaa ungio, unakwangua unapiga pointi, yani unajaza maungio upya, tofali linabaki zima. Sasa anakuja mtu anaona maungio yamelika, anapiga simenti kwa sababu ni ngumu na inakauka haraka. Maji yanakosa njia, yanakaa ndani ya tofali, baridi ikifika yanaganda yanavimba, uso wa tofali unabanduka kama ganda la mkate. Nimefika kwenye nyumba moja ya getini, dohani nzuri sijapata kuona, kampuni fulani iliipiga simenti, ndani ya miaka michache yale matofali ya pembe yaliyochongwa zama zile yalikuwa yanadondoka bustanini. Nilikuta mtoto wa mwenye nyumba anayakusanya kwenye ndoo. Tuliitoa ile simenti kwa patasi na nyundo, kwa mkono, wiki kadhaa, manake ukiingiza grainda inakata mpaka tofali. Alafu tukapiga chokaa, tukafunika magunia ya maji isikauke haraka, tukawa tunayaloanisha kila siku. Baadhi ya matofali hayarudi tena, ukubwa ule na rangi ile hawatengenezi.

Kwa hiyo kama kuna mtu hapa anafanya ujenzi, na najua mko watatu wanne, ukipewa kazi ya nyumba ya zamani uliza kwanza imejengwa na nini. Chukua kipande cha ungio, kisugue kwa kidole, kikisagika cheupe ni chokaa. Mwambie mwenye nyumba hata kama hakukuuliza. Hata kama kazi itakuchelewesha.

Jumapili tukutane stesheni ya Kew Gardens saa nne asubuhi, wa District Line mshukie hapohapo. Tiketi za kuingia mkate mtandaoni kabla, wenye watoto waje nao. Tukifika pale kwenye nyumba tutasimama mbali kwanza, tuione dohani na paa, alafu tusogee tuangalie tofali, alafu naomba tuizunguke, tusiishie mbele. Mama Salma amesema ataleta maandazi na chai kwenye chupa, kwa hiyo msile sana nyumbani.